Mfuko Nilioupokea Nikiwa Kwenye Kigari

Mimi si mtu wa mambo haya. Nimesomea uhandisi, na nilipokuwa mtoto huko Machakos mwalimu wa shule ya Jumapili alimwomba mama yangu anibakize nyumbani kwa sababu ya maswali yangu. Kwa hiyo ninaposema jambo hili lilitokea, jua kwamba nimelipinga mwenyewe zaidi ya utakavyolipinga wewe. Lilitokea. Tena saa tisa mchana, jua linachoma, watu wamejaa hadi huoni ardhi, hapa hapa Sydney.

Ilikuwa ule wakati walipofungua jiji baada ya miezi ya kutufungia majumbani. Corona ilikuwa imenipitia ikaniachia moyo wa ajabu. Nikipiga hatua hamsini ulidunda kana kwamba nimefukuzwa na mbwa. Nilikuwa naishi Doonside na dada yangu Mwende, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja upande wa Westmead. Kati yetu nani alikuwa mgonjwa zaidi? Mimi sikuweza kutembea. Yeye hakuweza kulala.

Sababu ya kutolala ilikuwa mfuko. Wodini kwake alikuwa amefariki bibi mmoja Mkongo. Wote walimwita Koko, jinsi Wakongo wengi wanavyowaita nyanya zao. Siku hizo ndugu hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo binti yake, Mama Riziki wa Penrith, alimuaga mama yake kwa sauti tu, kupitia simu ambayo Mwende aliishikilia karibu na sikio la mgonjwa. Zamu ile Mwende peke yake ndiye aliyejua Kiswahili, na binti akamwomba: vitu vya mama uviweke wewe, kwa mikono yako, hasa kitenge chake. Kwao msiba haufungwi mpaka kitenge cha mama kitolewe mbele ya ndugu na kukabidhiwa binti mkubwa. Mwende akaahidi. Akakunja kitenge, akakitia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na miwani na ndara, akabandika jina, akauacha mezani pa kuchukulia vitu vya marehemu.

Mfuko ukapotea. Nani aliuchukua? Hakuna aliyejua. Walichojua ni kwamba mtu wa mwisho kuugusa alikuwa Mwende.

Mama Riziki alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Hakutukana, na afadhali angetukana. Aliuliza tu: "Dada muuguzi, kitenge cha mama yangu kimelala wapi leo?" Mwende alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Angeipeleka Jumatatu. Hebu fikiria, umewaosha na kuwageuza wagonjwa miaka yote hiyo, halafu unaondoka na jina la mtu aliyeiba nguo ya marehemu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, bustani moja ya michezo ilikuwa imewaalika wafanyakazi wa afya na jamaa zao. Mwende hakutaka kwenda. Nikamwambia nina hamu ya kuona mabehewa yanayoporomoka kutoka juu na watu wakipiga mayowe. Uongo. Nilitaka acheke, basi. Asubuhi nilipakia gari mwenyewe: mifuko ya chakula, blanketi, maji. Kumbuka kwamba nilipakia mimi, kwa haraka, nikivuta vitu kutoka kwenye buti na kuvirudisha bila kuangalia sana. Utaona kwa nini nakuambia.

Langoni tulionyesha vyeti vya chanjo kwenye simu, tukavaa barakoa, kisha Mwende akaniandikisha kwa kigari cha umeme, vile vya watu wasioweza kutembea sana. Chekundu, magurudumu manne, kikapu mbele, na mshale mdogo wa kuonyesha chaji. Nikakataa. Miaka ishirini na minne, nipande gari la wazee?

"Panda, mzee wa kanisa," Mwende akasema. "Na ukimgonga mtu, mimi sikujui."

"Nikimgonga nitasema nimeendeshwa na muuguzi."

Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Hujawahi kukaa kwenye kitu kama kile ndani ya umati? Kuna mambo mawili utayagundua. Kwanza, watu wanazungumza juu ya kichwa chako. Muuza kofia alimuuliza Mwende, "Yeye anavaa saizi gani?" nami niko pale, nina kichwa changu. Pili, nyuso hupotea. Unaona viuno, mikoba, mikono, vikombe vya barafu. Ukitaka kumwona mtu usoni lazima uinue shingo, na baada ya nusu saa unachoka, unaacha.

Mwende akaenda kupanga foleni ya chipsi. Mimi nikakaa kando ya ua wa mabomba ya kutelezea majini, mifuko yetu ya chakula ikiwa kwenye kikapu. Ndipo mkono ukaja ukasimama mbele yangu. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzee, mweusi, mkavu, umekamata mfuko wa plastiki uliojaa. Kidole gumba kilikuwa kimepinda nje na kucha yake ilikuwa nyeusi kabisa. Mfuko ulikuwa unamvuta bega chini.

"Jambo, mutoto."

Kiswahili! Katikati ya Wazungu wale wote. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nililofundishwa kabla sijajua kusoma. Ukikutana na mtu mzima na mzigo wake, unampokea. Huulizi anatoka wapi wala mzigo ni wa nani. Kwetu mtoto anayempita nyanya aliyebeba kitu huitwa majina usiyotaka kuyasikia.

"Jambo, nyanya. Leta nikupokee."

"Pokea, mwanangu. Mikono imechoka." Sauti ilikuwa ya Kikongo, taratibu.

Nikauchukua. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Nikauweka juu ya mifuko yetu. Nikamuuliza anaelekea wapi, akasema twende tu, basi nikasukuma kiwashio na kigari kikaondoka, yeye akitembea nyuma yangu. Nilihisi mkono wake kwenye mgongo wa kiti. Angalau nilidhani ni mkono.

Kigari kilikuwa kinakimbia vizuri asubuhi yote. Sasa kilikuwa kinanguruma kama kinapanda mlima, kumbe ni tambarare. Mshale wa chaji uliokuwa juu ukaanza kushuka, nikiuona kwa macho yangu. Tulipofika kwenye njia nyembamba ya kuvukia, mama mmoja wa Kizungu aliyevaa sare, redio begani, akanyoosha kiganja.

"Mtu mmoja tu kwenye hicho chombo," akasema kwa Kiingereza. "Mwambie ashuke."

"Nimepanda peke yangu," nikamjibu.

Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatikisa kichwa. "Basi aendelee kutembea, sawa? Ni usalama wenu."

Nilifikiri amechoka na jua. Ndivyo ubongo wangu unavyofanya kazi, unatafuta jibu la karibu kwanza. Nyuma yangu bibi akauliza, bila haraka, "Dada yako anapata usingizi?"

"Hapati, nyanya."

"Alale sasa."

Niamini, nilijibu swali lile kama mtu anayejibu habari za nyumbani. Tulikuwa tumepita hatua kumi zaidi ndipo nikajiuliza: nani amemwambia nina dada? Nikasimamisha kigari, nikageuka mzima mzima. Kulikuwa na familia ya watu wanne wanagombania miwani ya jua, na nyuma yao umati. Bibi hakuwepo. Nikaita "Nyanya!" mara mbili, hadi watu wakanipisha kwa huruma, wakidhani nimechanganyikiwa. Na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa.

Mwende akanikuta hapo na chipsi mkononi.

"Mbona umehama? Nimekutafuta kila..." Hakumaliza. Alikuwa anaangalia kikapu.

Akaweka chipsi chini, juu ya lami, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akageuza mfuko ule. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa, jina kwa mwandiko wake mwenyewe. Ndani, miwani, ndara, na kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kimekunjwa mara nne.

"Umeutoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani? Usinichezee, leo usinichezee!"

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalifikiria na nikalisukuma mbali. "Ulipakia gari asubuhi. Labda ulikuwa kwenye buti. Labda niliubeba mwenyewe usiku ule kwa uchovu, nikasahau, na umekaa garini kwangu miezi yote hii."

Unaona mtego? Maelezo ya akili yalikuwepo, safi kabisa. Mfuko ulikuwa kwenye buti, mimi nikautoa pamoja na chakula, na joto pamoja na moyo wangu mbovu vikanitengenezea bibi. Ningeweza kuyaandika kwenye ripoti. Lakini yakikubaliwa hayo, dada yangu ndiye aliyechukua mfuko. Ili yeye awe safi, ilibidi mimi niamini nisichoamini.

Tulirudisha kigari. Chaji ilikuwa imeisha kabisa, ikabidi kisukumwe mita za mwisho. Kisha tukaendesha moja kwa moja hadi Penrith, kwa sababu Mwende alisema mfuko ule hautalala kwetu hata usiku mmoja.

"Tukisema ulikuwa garini, mimi ni mwizi," akasema njiani. "Tukisema habari yako, sote wawili ni wendawazimu."

"Chagua."

"Chagua wewe. Si wewe ndiye msomi?"

Mama Riziki alitufungulia mlango akiwa na barakoa, mwanamke mrefu, aproni ya kazi ya kulea wazee bado iko mwilini. Alipouona mfuko hakuupokea. Alishika mlango.

"Mulikuta wapi?"

Mwende akanitazama. Nikasema mimi. Nilisema yote jinsi ninavyokusimulia wewe, nikiona aibu, macho yangu yakiwa kwenye zulia la mlangoni. Nilingoja atufukuze.

"Ule mama aliyekupatia. Sura yake ilikuwa namna gani?"

"Sikuiona, mama. Nilikuwa nimekaa chini. Niliona mkono tu." Nikamweleza kile kidole gumba kilichopinda nje na kucha yake nyeusi.

Aliegemea ukuta. "Mulango ya camion," akasema. "Ile lori tuliyokimbia nayo. Ilimubana mama kidole."

Usiniulize. Nimemuuliza Mwende mara ishirini kama aliwahi kunitajia kidole kile. Anaapa hajawahi, na Mwende haapi ovyo. Lakini je, mtu anakumbuka kila neno alilosema mezani akiwa hajalala siku tatu? Sijui. Mpaka leo sijui.

Mama Riziki akauchukua mfuko, akaukumbatia na plastiki yake. "Dada," akamwambia Mwende, "unisamehe zile simu." Mwende akaanza kulia pale pale mlangoni, kilio cha kutosha watu wawili. Nikadhani yameisha.

Mama Riziki akanigeukia tena. "Hata macho yake haukuona? Barakoa haifuniki macho."

"Sikuinua kichwa, mama."

"Alikuwa karibu yako namna hii, na haukuinua kichwa?"

Mimi ninayeuliza kila kitu, nilijiuliza kuhusu mshale wa chaji, nikajiuliza kuhusu mngurumo wa mota, ila yeye sikumuuliza hata jina.

"Daktari alimuona," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu tu. "Mulinzi wa mulango ya hospitali alimuona. Dada yako alimuona. Yule mama Muzungu wa redio alimuona. Na wewe ulikuwa naye. Ni mimi tu sikumuona."

Mwende ndiye aliyetuokoa. Alipangusa pua kwa mkono wa blauzi, akaingia ndani bila kukaribishwa, akaketi kwenye kochi, akamvuta Mama Riziki aketi karibu. Akaanza kumwambia uso wa mama yake ulivyokuwa usiku wa mwisho, nyusi, midomo, alivyotabasamu aliposikia sauti ya binti kwenye simu. Alisema kila kitu, polepole, mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Barua ya kuacha kazi niliichana mimi Jumatatu. Hakunizuia.

Msiba walifunga wiki mbili baadaye. Tulialikwa, na kitenge kilitolewa mbele ya ndugu. Mwende analala siku hizi. Moyo wangu pia umetulia, natembea hadi stesheni ya Doonside bila kusimama, na daktari anasema ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Labda.

Kilichobaki ni hiki. Siwezi tena kumpita mtu bila kumwangalia usoni. Kwenye treni watu hubadilisha viti kwa sababu yangu. Nawatazama mabibi wenye mizigo mpaka wanashika mikoba yao. Na kila nikiwatazama naona mkono ule ulivyokuwa karibu, na shingo yangu isiyoinuka.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Ukikutana na mtu mzima amebeba kitu, hata mahali ambapo mtu kama huyo hapaswi kuwepo, mpokee kama ulivyofunzwa. Lakini kabla mkono wako haujashika mzigo, inua kichwa umwone. Iko siku mtu atakuja kukuuliza alionekanaje, na huyo anayeuliza hatakuwa na mwingine wa kumuuliza.