Nusu ya Ufunguo wa Wosia

Asubuhi ile niliondoka Ngarenaro bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nimechoka na kibanda cha kutengeneza simu nilichokuwa nashinda ndani yake, nikatia kompyuta na nguo mbili kwenye begi, nikashika njia ya mashariki kwa sababu jua lilikuwa linatokea huko. Sijawahi kuhitaji sababu kubwa kuliko hiyo.

Navuka Mto Themi, mama mdogo akanipigia simu. Ni mjane wa baba mdogo, anaishi shambani juu ya Maji ya Chai.

"Mwanangu, matanga tumeyaanua juzi tu, na baba yako mkubwa yuko hapa na miche ya masale. Anaipanda iwe mpaka wa shamba, katikati ya kahawa yangu."

"Na wosia?"

"Anasema kasahau maneno yake."

Kasahau! Mtu anayekumbuka nani hakumwamkia kwenye harusi ya mwaka juzi.

Baba mdogo alipoona ugonjwa haumwachi, aliniita nimrekodi video akisema shamba linabaki kwa nani. Alimjua kaka yake, akaogopa video itafutwa kabla ya wakati wake. Nikamweleza nilichojifunza kwa kusoma kwenye simu baada ya kuacha shule: faili unaweza kulisimba, yaani kulivuruga liwe takataka tupu, lisirudi kuwa video mpaka yaandikwe maneno ya siri. Nikashauri maneno apewe mkewe na nakala ziwekwe sehemu mbili. Ukoo ukacheka. Mwanamke ashike ufunguo peke yake? Wakaamua nusu ya maneno awe nayo yeye, nusu baba mkubwa.

Mama mdogo nilimpatia maneno manne yasiyohusiana, niliyoyaokota kitabuni kwa kurusha dadu. Akayakariri huku akipalilia migomba. Baba mkubwa nilipompelekea yake alinitazama kama nimempa makombo.

"Mimi ndiye mkubwa. Nipewe maneno na mtoto aliyekimbia shule?"

Akachagua mwenyewe. Niligeukia ukutani wakati anabonyeza kwa kidole kimoja, akihema kama anayepanda Mlima Meru. Watu wa namna hii wamejaa mjini. Bosi mmoja kule Themi alikuwa kabandika paswedi yake kwenye kioo cha kompyuta, nilipomuuliza akanijibu kwamba ofisi ina mlinzi. Siri hawaitaki. Wanataka tu heshima ya kuonekana wana siri.

Basi, njia niliyoianza bila mpango ikapata mpango. Nilipofika shambani, majirani walikuwa wamesimama kwenye mfereji wakitazama, na baba mkubwa alikuwa anashindilia udongo kwa kisigino.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nani kakuita na vikorokoro vyako?"

"Nimejileta. Hebu jaribu kukumbuka maneno yako."

"Nimesahau. Ni uzee."

"Jembe hukulisahau," mama mdogo akasema kutoka mlango wa jikoni.

"Nyamaza wewe! Kwenye ukoo huu mimi ndiye mkubwa! Umesikia? Mimi ndiye mkubwa!"

Tulisikia sote. Nilikuwa nimelisikia hilo kwenye kila harusi, kila msiba na kila kikao tangu utoto wangu.

Nikaweka kompyuta juu ya gunia la kahawa, nikafungua nakala ya faili niliyokuwa nayo. Mama mdogo akaandika nusu yake, mimi nikatazama mlima. Kisha nikaongeza yale maneno matatu aliyotoka kuyapigia kelele baba mkubwa. Ikakataa. Nikayaandika tena bila nafasi kati yake.

"Kuanzia mfereji mpaka barabarani," sauti ya marehemu ikasema, "ni la mke wangu. Kaka, nakuomba usimsumbue."

"Mwizi!" baba mkubwa akapiga kelele. "Umeniibia maneno yangu!"

"Nimeyaiba wapi? Miaka yote unatugawia bure."

Majirani wakacheka. Jirani mmoja mzee hakucheka. Alimwambia baba mkubwa kwamba aliyepanda masale ndiye ayang'oe, naye akayang'oa, moja baada ya jingine, huku akiapa kwamba mimi sitalala tena kwenye ardhi ya ukoo.

Kabla sijaondoka nililisimba faili upya. Mama mdogo akachagua maneno yake yote peke yake, nami nikatoka nje mpaka alipomaliza.

Jioni nilishuka Maji ya Chai, mahali nilipopita mara nyingi bila kulala hata siku moja. Dada wa gesti akanipa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao. Nikaujaribu kwenye mlango wa jirani, nao ukafunguka.

"Dada, huu unafungua vyumba vyote?"

"Ndiyo, kaka. Mgeni akipoteza wake asisumbuke."

Nilikuwa bado nacheka simu ilipoita. Baba mkubwa.

"Maneno mapya ni yapi?"

"Siyajui."

"Unanidanganya."

"Siyajui, baba mkubwa. Hiyo ndiyo maana ya ufunguo."

Akakata simu. Nikasogeza kitanda mpaka nyuma ya mlango, nikavua viatu.