Konokono Wakipanda Matete

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la plastiki lenye samaki hai, nikasimamishwa kwenye maji yaliyonifika magotini, na mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi akaniambia, "Mama, mgeuze huyo tumbo juu, uniambie ni dume au jike."

Nilicheka. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Baba alitoka kaskazini na sare yake, na shule niliiacha darasa la nne. Pale nilikuwa nimekwenda kuomba kazi ya kupika. Samaki nilimjua kwenye sufuria, na kwenye sufuria hakuna anayeuliza habari za dume na jike.

"Huyu ni samaki," nikamjibu.

"Umeshafaulu nusu ya mtihani," akasema.

Huyo ndiye aliyekuwa Bwana Samaki, ofisa wa serikali aliyesimamia kituo cha vifaranga wa samaki upande wa ziwani. Alinionyesha mwenyewe. Nyuma ya tundu la haja samaki ana kinundu kidogo. Dume ana tundu moja hapo. Jike ana mawili: moja la mkojo, na jingine la mayai, jembamba kama mkwaruzo wa ukucha. Ukipaka wino wa buluu kidogo, ule mkwaruzo unajitokeza. Basi unamtupa jike huku, dume kule, na kabla jua halijapanda mikono imekufa ganzi.

Vijana wa leo mtauliza taabu hiyo yote ni ya nini. Ngege, ambaye Watanzania humwita sato, ana haraka ya kuzaa. Jike analea mayai mdomoni, na wiki chache baadaye anaanza upya. Ukiwaacha dume na jike pamoja, miezi sita haiishi bwawa limejaa watoto wa ukubwa wa kidole, wote wanagombea chakula kile kile, na hakuna anayefika mezani. Ndiyo maana tuliwachambua tukiwa tumeinama, mmoja mmoja, tukapanda madume peke yao. Kupanda ndivyo tulivyosema, kama mahindi.

Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyenishinda. Bwana Samaki alikuwa akichota kwenye beseni langu la madume, anageuza mmoja, wa pili, wa kumi, hapati jike. "Mama huyu macho yake yako kwenye vidole," aliwaambia wageni. Niliyala maneno hayo kama nyama.

Niseme sasa, usije ukanikuta nao mbele ukadhani nilikuficha: mimi nina wivu. Nilizaliwa nao. Pale kituoni mwenzangu mmoja alisifiwa kwa kushona nyavu, nami nikakataa kujifunza kushona nyavu mpaka leo.

Kutoka kituoni nilihamia kwa Mkuu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na alipenda aitwe Mkuu hata na wanaomuuzia maziwa. Alikuwa na bonde lenye kijito, mbele ya Kyebando ninakoishi, akalizuia kwa ukuta wa udongo likawa bwawa kubwa. Alikuja kituoni na gari, akamwambia Bwana Samaki, "Nataka trauti. Nilikula kule Mlima Elgon, mgongo yake iko na madoa kama chui. Hiyo ndiyo nataka."

Bwana Samaki akamshika mkono, akautumbukiza kwenye tangi. "Mkuu, unasikia baridi?"

"Hapana."

"Trauti anataka maji ya kukugonganisha meno. Hapa ataiva kabla hujawasha moto."

Mkuu alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi nipe ngege. Na nipe huyu mama wa vidole."

Hivyo ndivyo nilivyohamishwa, pamoja na nyavu mbili na mizani.

Lile bwawa nililianza likiwa tope. Kwanza chokaa sakafuni, kuua uchungu wa udongo. Juu ya ukuta nyasi, kamwe si mti, maana mzizi ukioza unaacha njia na maji yanaifuata. Halafu samadi ya kuku ndani ya magunia, pembeni, ili maji yageuke kijani. Ule ukijani ni chakula. Kipimo chake ni mkono wako: uzamishe hadi kiwiko. Vidole vikionekana, ongeza samadi. Vikipotea maji yanapofika kwenye kifundo cha mkono tu, acha kabisa. Vifaranga walipofika ndani ya mifuko, tuliiacha mifuko ielee kwanza mpaka joto la ndani lilingane na la nje, kisha tukaifungua mdomo watoke wenyewe. Ukiwamwaga kama maji ya kuoshea vyombo, kesho utawaokota.

Mafundi wa chuma wa Katwe walinitengenezea sanduku la vyuma vyembamba la kuchambulia: wadogo wanapenya, wakubwa wanabaki. Niliwachorea kwa mkaa sakafuni. Kwa zaidi ya miaka kumi mgeni akifika, Mkuu alipaza sauti tangu barazani, "Niitieni Mama Bwawa!" Nami nilikuwa sikimbii. Nilikuwa nakwenda polepole, ili wageni wapate muda wa kuuliza Mama Bwawa ni nani.

Kisha akaja Prossy.

Alitoka chuo, na cheti chake kilikuwa kwenye jalada la plastiki. Alikuwa mwembamba, mpole, anapiga magoti kunisalimu kama binti aliyelelewa. Nilimchukia kwa hayo magoti. Mtu mwenye kiburi ungejua pa kumshikia. Wiki ya kwanza alimweleza Mkuu kwamba siku hizi vifaranga hulishwa dawa wakiwa wachanga, wote wanakuwa madume. Unawanunua tayari. Hakuna kugeuza tumbo.

"Hata moja?" Mkuu akauliza.

"Hata mmoja, Afande."

Mkuu akaitazama mikono yangu, akacheka kidogo. Hakuwa na ubaya. Lakini mimi niliitia mikono ndani ya leso niliyojifunga.

Prossy alitundika ubao, akaandika siku za kila kitu. Jumatatu kupima, Ijumaa samadi. Kwa kuwa ni Muganda, alisema "kurisha samaki" badala ya "kulisha," nami kila mara nilimrudishia, "Ku-li-sha, mwanangu," mbele za watu. Hapo tu ndipo nilipompita. Wageni wakaanza kuitiwa yeye. Mkuu alimwita Daktari, na siku moja, mwezi mmoja kabla ya mavuno, akanikalisha chini.

"Mama Bwawa, umechoka. Hii mavuno ikienda vizuri, Daktari atashika bwawa. Wewe utaangalia jiko."

Jiko! Nilikuwa nimerudi pale pale nilipotaka kuanzia, ila sasa sikupataka tena.

Zikaja siku tatu za mawingu. Jua halikutoka hata la kukaushia kitambaa. Ijumaa ilikuwa siku ya samadi kwenye ubao, na Prossy akatia magunia yake. Jioni nikapita ukingoni, nikazamisha mkono. Vidole vilipotea mara moja. Nikatazama matete.

Konokono walikuwa wanapanda.

Ni wale konokono wadogo weusi wa majini, ambao siku zote hukaa chini. Walikuwa wametoka kwenye maji, wanapanda mashina, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye moshi. Hili Bwana Samaki hakunifundisha. Yeye alinifundisha kwamba ule ukijani mchana hutoa pumzi ndani ya maji na usiku huivuta, na pasipo jua hautoi kitu. Lakini konokono niliwaona mimi, mwaka wangu wa pili pale bondeni, nikawafuatilia mpaka nikawaelewa. Wakipanda jioni, alfajiri samaki watakosa pumzi.

Prossy alikuwa nyuma yangu, ameshika daftari. "Mama, unaangalia nini?"

"Matete," nikasema.

"Iko sawa?"

"Matete yako sawa."

Na sikusema uongo. Matete yalikuwa sawa kabisa. Nikajifunga leso yangu nikaenda nyumbani Kyebando.

Nilipomaliza sala ya alfajiri nikaondoka bila chai. Nikajiambia nakwenda kuangalia samaki. Mwongo. Nilikuwa nakwenda kumwangalia Prossy akianguka.

Nilimkuta ndani ya maji hadi kiunoni na nguo zake zote, ameshika mfuniko wa sufuria, anayapiga maji ili yapate hewa, analia. Bwawa zima lilikuwa midomo. Midomo mamia kwa mamia juu ya maji, inafunguka na kufungika. Wakubwa walikuwa wameshaanza kugeuka matumbo juu, maana mkubwa hufa kwanza, anahitaji pumzi zaidi.

"Mama! Wanakufa! Nifanye nini?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja tangu siku ya jalada la plastiki. Nilisimama pale ukingoni nikayasikiliza. Sikuvua hata viatu. Yalikuwa matamu, sitawadanganya.

Kisha dume mmoja mzee, niliyemrudisha majini kila mavuno, niliyemchagua kwa vidole hivi kabla Prossy hajajua kuandika, alikuja mpaka miguuni pangu akafungua mdomo. Samaki hajui mgomvi wako ni nani. Anajua pumzi imekwisha.

"Acha mfuniko!" nikapiga kelele. "Ng'oa mbao za chini!"

Mlango wetu wa maji ulikuwa na mbao zilizopangwa. Ukiondoa za chini, maji mabovu ya sakafuni yanatoka kwanza. Prossy akazing'oa kwa kucha. Mimi nikafungua kijito chote kiingie, nikaweka bati lililotobolewa misumari mdomoni pake, maji yaanguke kama mvua, maana yakianguka hubeba hewa. Tukayatoa magunia ya samadi, tukawasha pampu ya kumwagilia bustani ikarusha maji juu. Hatukusemezana isipokuwa "shika" na "vuta." Jua lilipopasua mawingu, midomo ilianza kupungua. Zaidi ya nusu walipona. Wakubwa wa mavuno, wale wa kupeleka sokoni, karibu wote tuliwakusanya kwa toroli wakiwa wamekufa. Yule mzee wangu alikuwa miongoni mwao.

Mkuu alifika akiwa na suruali ya kulalia. Alitazama toroli muda mrefu.

"Nani iliangalia maji jana jioni?"

"Mimi, Afande," Prossy akasema. "Nilikuwa hapa. Sikuona kitu."

"Na wewe, Mama Bwawa?"

Nikainama kuokota samaki mwingine. Prossy akanijibia. "Mama ndiye ameokoa hawa waliobaki. Mimi nilikuwa nalia tu."

Kabla ya saa sita Prossy alikuwa ameambiwa aondoke. Mimi nilibaki Mama Bwawa. Nilikuwa nimepata nilichotaka.

Nilimkuta akifunga vitabu vyake kwa kamba ya katani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alipiga magoti kama kawaida. "Mama," akasema, "kuna dalili? Kitu ambacho ningekiona mapema?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa hawezi tena kuitumia pale. "Konokono," nikasema. "Jioni wakipanda matete, usisubiri asubuhi."

Akatoa kalamu akaandika. Alipomaliza neno la matete, kalamu ilisimama. Akayatazama matete ya bwawa, akanitazama mimi. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningepona. Akafunga daftari. "Asante, Mama," akasema, akainua vitabu vyake.

Nililishika bwawa miaka mingine mingi, mpaka magoti yaliponikataa. Daktari wa hospitali ya Mulago aliniambia maji ya baridi yatoshe. Mkuu alinifanyia karamu, akachinja mbuzi, akaniita shujaa aliyeokoa samaki. Watu wakapiga makofi. Nilikula kidogo. Tangu siku ile, jioni zote nilizokuwa kazini nilipita kwenye matete na kumwambia kila niliyekutana naye nilichokiona, hata kama sikuona kitu. Walidhani ni uzee.

Sasa mjukuu wangu Aisha, ambaye huniita jaja kama Waganda wanavyomwita bibi, amechimba bwawa lake, na majuzi alikwenda mafunzo ya ufugaji wa samaki. Akarudi na makaratasi, akanisomea. Chini ya dalili za hatari, ya kwanza ilikuwa konokono wakipanda matete.

Niliruka kwenye kiti na magoti yangu haya. "Hiyo ni yangu! Nani amewafundisha?"

"Madamu Prossy, jaja. Yeye ndiye mkuu wa walimu. Watu wanakuja hadi kutoka Kongo kumsikiliza."

Wivu ule ukarudi kama siku ya kwanza. Mkuu wa walimu! Na konokono wangu kwenye karatasi zake! "Aliwaambia amewatoa wapi?"

"Alisema alifundishwa na mama mmoja kwenye kazi yake ya kwanza. Tukamuuliza jina. Akasema mama huyo yuko hai, akitaka atalitaja mwenyewe."

Nikakaa. Siku tatu nilikaa na maneno hayo. Nikitaja jina langu, mtu yeyote mwenye akili atauliza: kama ulijua, yule msichana alipoteza kazi yake vipi? Nisipolitaja, konokono watakuwa wa Prossy milele, na mimi kitu changu siachii mtu.

Siku ya nne nikamketisha Aisha, nikamweleza yote niliyoandika hapa, hata namna nilivyosimama ukingoni nikisikiliza. Aliyapanga makaratasi mapajani.

"Sasa jina lako nimpelekee?" akauliza.

"Mpelekee," nikasema. "Alitaje darasani. Na haya mengine ayaseme pia, pamoja nalo, asiache hata moja."