Mchanga wa Maji Bandarini

Juma lililopita nilikuwa bandarini, hapa Uvira, nikingoja kifurushi. Meli moja ilikuwa imepandishwa nchi kavu, na mafundi walikuwa wakiing'oa kutu kwa mchanga unaorushwa na upepo wa mashine, ili ipakwe rangi mpya. Vumbi lote likaangukia ndagala, samaki wadogo wa ziwani, walizoanika akina mama. Mmoja wao, mama wa mtaa wa Mulongwe, akamwinulia msimamizi wa kazi hiyo, Mzungu, ungo wake.

"Bwana, nani atakula huu mchanga?"

Msimamizi akawaamuru akina mama wahame. Hapo fundi aliyeshika mpira wa mashine akaufunga.

"Bwana, tuchanganye mchanga na maji. Vumbi haitaruka."

"Maji kwenye chuma? Kesho kitakuwa na kutu tena."

"Hatutangoja kesho. Nitakikausha kwa upepo wa mashine, tupake rangi ya kwanza papo hapo."

Akaunganisha bomba la maji. Mchanga ukatoka mzito kama uji, ukaing'oa kutu bila vumbi. Alipokwisha kukausha, msimamizi alitoa leso nyeupe, akafuta chuma mara mbili, akaitazama pande zote. Ilikuwa nyeupe vilevile.

"Nani alikufundisha?"

Fundi akajipangusa uso kwa kiganja. "Bwana uko naangalia hii kazi. Miye niko naifanya."

Msimamizi akakunja leso polepole, akawaambia akina mama wabaki na samaki wao.

Kila siku tunaambiwa kwamba ufundi hutufikia kwa meli. Wasomaji wangu, safari hii meli ndiyo iliyoufuata ufundi kwetu.