Jumamosi za Kumwaga Oili

Niko kwenye sofa, rafiki yangu, na nimekasirika. Sofa yenyewe ni nzuri, siwezi kuisingizia. Kuna kahawa ya bure kwenye mashine, kuna televisheni iliyozimwa sauti, na ukutani kuna picha ya kijana mwenye meno meupe amekalia pikipiki ambayo haijawahi kuona tope la Riruta. Hapa ni katikati ya mji, kwenye duka la kampuni iliyoniuzia pikipiki. Nyuma ya mlango ulioandikwa wateja wasipite, mtu nisiyemjua anaifungua pikipiki yangu. Kila mlango huo unapofunguka, harufu ya oili ya moto inatoka na kunikuta hapa nimeshika kikombe, na mimi narudi utotoni bila kupenda.

Lakini kwanza nikuambie habari ya bili, maana nisipoitoa nitapasuka. Mara ya kwanza nilipoleta pikipiki hapa sikuuliza bei, na nilijuta. Leo nimeuliza. Dada wa mapokezi, mpole, sauti ya kubembeleza, akanisomea: oili, chujio, kazi ya fundi, ukaguzi, vitambaa vya kupangusia. Halafu akafika kwenye ada ya kutupa oili chafu. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, bila kupepesa. Yaani natozwa pesa ili oili yangu, niliyoinunua mimi, ikatupwe na wao. Kwa pesa hizo hizo ningeenda pale maduka ya spea karibu na River Road, ninunue oili na chujio, nijifanyie sevisi nyumbani, na nibaki na ya kununua nyama ya wiki nzima. Nilitaka kucheka lakini hasira ikawahi.

Unajua kwa nini iliniuma hivyo? Kwa sababu mahali nilipolelewa, oili chafu ilikuwa inagombaniwa.

Tuliishi Riruta, kwenye ploti ya mabati, vyumba vikitazamana, katikati uwanja wa udongo wenye bomba moja na kamba za kuanikia nguo. Baba alikuwa tarishi wa ofisi moja kule Upper Hill. Alikuwa akibeba barua na hundi kwenda mjini na kurudi, kutwa nzima, kwa pikipiki ambayo ofisi ilimuuzia ilipoichoka. Wengine waliiona ni chuma chakavu. Baba aliiona ni mtu. Hakumruhusu fundi yeyote aiguse, wala wa barabarani wala wa kampuni. Alisema fundi anatengeneza kitu ambacho kesho hatakipanda, kwa hivyo roho yake haiko hapo.

Jumamosi moja kila mwezi alirudi mapema. Alivaa shati lililokuwa limekataliwa hata na kazi ya shamba, kisha akazunguka na pikipiki mpaka Kawangware na kurudi ili injini ipate moto. Oili baridi, alisema, ni nzito kama uji uliolala. Akirudi alitandika gunia, akainua gurudumu la nyuma kwa matofali, akasukuma karai chini ya injini. Karai hilo lilikuwa lake peke yake. Aliwahi kutumia lile la mama la kufulia, na wiki nzima shuka zetu zilinuka gereji. Mama hakupiga kelele. Alimwekea chakula chake ndani ya karai hilo hilo, akaenda zake kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Kesho yake baba alinunua lake.

Kazi yangu ilikuwa kupokea bolti ya chini ya injini, ile inayozuia oili. Aliilegeza kwa spana, halafu akanipa mimi nimalizie kwa vidole, na akanionya kila mara: "Zungusha kwa mkono, mama, usizungushe kwa hasira. Hasira inakula uzi wa bolti." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Bolti ikitoka, oili iliruka nyeusi, ya moto, ikanichoma vidole, nami nikajifanya haijanichoma. Mwanzoni ilimwagika kama maji. Baadaye ikawa uzi mwembamba. Mwishowe ilikuwa tone, halafu tone, halafu unangoja sana, halafu tone lingine.

Hapo ndipo palikuwa na utamu wenyewe. Baba hakukubali mtu yeyote aharakishe matone. Alisema ukiharakisha, uchafu wote unabaki chini na oili mpya inaingia kwenye taka. Kwa hivyo aligeuza kreti ya soda, akaketi, na mimi nikaketi kwenye tofali. Mama alituletea chai na viazi vitamu vya kuchemsha, na baba, ambaye wiki nzima kwetu alikuwa mtu wa ndiyo na hapana, alianza kuongea.

Aliongea, we! Alinisimulia alivyofika Nairobi kutoka magharibi akiwa na anwani moja tu mfukoni, na mwenye anwani akawa amehama. Alinisimulia lojingi, gesti ya bei ya chini kule River Road, ambako yeye na mtu wa kwao walikodi kitanda kimoja, mmoja akilala mchana kwa sababu alikuwa mlinzi, mwingine usiku. Miezi mizima walisalimiana mlangoni tu, mmoja akiingia mwingine akitoka, shuka ingali na joto.

Na sisi nyumbani tulijua siri ya matone. Mwenye habari mbaya alisubiri Jumamosi hiyo. Baba hangeweza kuinuka na kuondoka kama kawaida yake, kwa sababu oili ilikuwa bado inatoka. Nilipoanguka hesabu, nilificha karatasi chini ya godoro mpaka oili ilipoanza kudondoka. Mama alipotaka kumwambia kuwa ndugu ya baba kule magharibi ameuza ng'ombe wa watu, alingoja vivyo hivyo, akaja na sufuria ya chai, akasimama akipangusa mikono kwenye leso. Baba alisikiliza akitazama karai. Alikunja uso, akauma kiazi. Mpaka tone la mwisho linaanguka, hasira yake ilikuwa imekwisha na alikuwa na la kusema.

Halafu majirani walikuja na makopo. Oili ile ilipakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile, kwenye bawaba za milango, kwenye mnyororo wa baiskeli ya muuza maziwa. Aliyekuwa wa kwanza siku zote alikuwa jirani yetu wa Pwani, mwalimu wa madrasa, mtu nadhifu mno ambaye kanzu yake ilitutia aibu sisi wote. Kunguni walikuwa wamemshinda. Akaamua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kupaka oili chafu miguu yote ya kitanda chake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi kamili, akapaka na mbao za pembeni. Asubuhi alivaa kanzu aliyoiacha juu ya mbao hizo, akatoka kwenda kufundisha na mstari mweusi mgongoni kutoka shingo mpaka kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Wanafunzi wake ndio waliomwambia. Alirudi, akasimama mbele ya mlango wetu, akasema kwa utaratibu kabisa, "Mzee mwenzangu, kunguni wamehama, lakini naona wamehamia kwenye kanzu." Baba alicheka mpaka akaenda kujificha chooni.

Oili mpya ikishawekwa, mama alivaa kitenge chake kizuri na kufunga kilemba, kwa sababu safari ya kwanza baada ya sevisi ilikuwa yake. Baba alimpakia mpaka sokoni Kawangware na kumrudisha. Alisema ni kuizungusha oili. Sisi watoto tuliamini. Leo mimi ni mtu mzima na najua oili ingezunguka tu hata bila kilemba.

Basi ndiyo hayo. Ile ploti ilibomolewa, pakajengwa ghorofa, na mimi nimepanga ghorofa kama hilo, hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa. Jirani wa Pwani alirudi kwao. Wazazi wangu walirudi magharibi, pikipiki ikauzwa. Mwaka jana nikanunua yangu, mpya kabisa. Nachukua kazi kwa wapiga chapa wa River Road, mabango na kadi na vitabu vya risiti, nazipeleka kwenye maofisi ya Upper Hill. Ndiyo inayonilisha. Na ilikuja na waranti, na waranti ikaja na sharti: sevisi zote zifanywe hapa kwenye sofa. Mtu mwingine akifungua bolti moja tu, hata mimi mwenye pikipiki, waranti imekufa. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Nimenunua kitu changu na nimepewa ruhusa ya kukiosha tu.

Mwezi huu baba alikuja Nairobi, kliniki, kule hospitali kubwa ya Upper Hill. Ni moyo. Tulikwenda pamoja lakini alikataa niingie naye kwa daktari. Alitoka akiwa ameshika kofia mkononi. Nikamuuliza ameambiwa nini. "Ni sawa tu," akasema. Nikamuuliza tena kwenye ngazi, nikamuuliza tena mezani wakati wa chakula. Ni sawa tu, ni sawa tu. Unamjua mtu wa namna hiyo. Unaweza kumshika mabega umtikise na bado hutaambulia kitu. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kama ukali, kwa hivyo nikawa namfokea hata kwa habari ya chumvi.

Ndipo nikakumbuka. Sevisi ya pikipiki ilikuwa imefika. Nikajiambia, potelea mbali waranti. Nikanunua oili, nikaazima spana, nikaenda kumwambia baba tushuke chini tumwage oili. Macho yake yaling'aa. Nilichotaka ni matone tu, rafiki yangu. Nilitaka aketi mahali ambapo hawezi kuinuka, nimuulize daktari alisema nini, na anijibu.

Tulishuka kwenye maegesho ya ghorofa. Hatujatandika hata kadibodi, soja wa geti akaja.

"Madam, hapa hakuna kutengenezea vitu. Mwenye nyumba akiona oili kwa hizi kabro za kukanyagia, ni mimi nitaenda nyumbani."

Nikamwonyesha karai, nikamwonyesha kadibodi, nikambembeleza. Akamtazama baba na mvi zake, akalainika.

"Haya, mzee. Lakini mfanye haraka."

Haraka. Nusura nimrushie spana.

Baba alichuchumaa polepole, mkono mmoja ukishika ukuta. Aliitazama injini upande huu, akaitazama upande ule. "Kabureta imeenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hizi za siku hizi hazina, kuna kompyuta ndogo ndani inayopima petroli. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jamaa wa mbali. Akaweka spana kwenye bolti, kisha akaiacha hapo bila kuizungusha.

"Na hao waliokuuzia, wanasemaje?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikujua anakokwenda. Nikamwambia habari ya waranti.

"Bado ina muda?"

"Bado sana."

"Na injini ikikufia kabla ya huo muda kuisha?"

"Wananipa nyingine."

"Bure?"

"Bure, baba. Lakini hao ni wezi. Wanatoza hata pesa ya kutupa oili chafu. Fungua tu."

Akatoa spana kwenye bolti, akaipangusa ingawa haikuwa imechafuka, akanipa.

"Waibe. Wewe ipeleke kwao."

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia yeye hajawahi kumruhusu mtu aguse pikipiki yake maisha yake yote, na leo ananituma mimi kwa watu ambao hawataki hata nione wanachofanya. Nilipandisha sauti mpaka soja akageuza shingo. Baba alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akimsubiri mama.

"Yangu ilikuwa na mimi," akasema. "Hii ikikufia barabarani, na hao wamekukataa, utamwita nani? Mimi sitakuwepo, mama."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha kushukia. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, nikamwinua, naye alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Oili mpya ilibaki kwenye chupa, haijafunguliwa. Nilimshukuru soja, sijui kwa nini.

Juzi nilimsindikiza kwenye basi la kurudi nyumbani, na leo nimeleta pikipiki hapa kama alivyosema. Fundi aliniambia mlangoni, kwa majivuno, kwamba hawamwagi tena oili, wana mashine inayoifyonza yote kwa dakika chache. Nikarudi kwenye sofa. Ningemwambia nini? Kwamba kulikuwa na uwanja wa udongo Riruta ambako watu walijifunza kuambiana mambo mazito kwa sababu oili ilikuwa haijamaliza kutoka? Angeniona nimechanganyikiwa. Na sasa ni nani ataketi kando ya pikipiki asubiri, wakati pale ghorofani unaambiwa fanya haraka na hapa unaambiwa usipite?

Dada wa mapokezi ananiita. Pikipiki iko tayari, imeoshwa, inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Nimelipa yote, pamoja na ile ada. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, kama kuna swali lolote ningependa kuuliza kabla sijaondoka.

Nikamwambia hapana, nilikuwa nalo moja, lile nililoshuka nalo kwenye maegesho, na nimeshajibiwa.