Taa za Kiwandani na Hatua Sitini

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa darasa la nne. Kuanzia hapo nimekula kwa mikono yangu mwenyewe, kwanza kwa kubeba magunia Masasi, halafu kwa kuosha malori, halafu kwa kuyaendesha. Sikusoma zaidi, na sioni haya kusema hivyo. Lakini barabara ya Masasi hadi Newala naijua kuliko wengi walioisoma kwenye ramani, na leo nataka kusema juu ya taa zake.

Juzi kijana wangu Issa alikuja nyumbani Mkunya na lori nililomkabidhi mwaka huu. Mkononi ana kiboksi, ndani ya kiboksi globu nyeupe za kisasa. Akaniambia, "Shikamoo baba. Hizi taa za kiwandani za halojeni hazifai usiku. Naona kama nimewasha kibatari."

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia akae. Na wewe mwanangu unayesoma hapa kaa, kwa sababu nilichomwambia Issa kinakuhusu, hata kama lori lako bado ni la kuota.

Nilikuwa na miaka kama thelathini, dereva wa lori la mtu. Mwezi wa sita mpaka wa nane tulikuwa tunapandisha salfa kwenye vijiji vya huku juu, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Ikifika msimu wa kuokota, lori lile lile linashusha korosho kwenda Masasi. Wenye kuijua salfa wanajua inavyoingia kila mahali. Inaingia puani, inaingia kwenye ugali. Asubuhi watu wakipuliza mashambani, barabara nzima ina ukungu wa njano, nawe unapita katikati.

Msimu wa mwaka ule taa zangu zikawa dhaifu. Mwanga wake umepauka, unafika karibu tu kisha unakufa. Nikasema waliotengeneza lori hili wametunyima, wamedhani Afrika watu hulala saa kumi na mbili. Sikuuliza mtu. Nilikuwa dereva anayejulikana kutoka Makote mpaka Masasi mjini, nimuulize nani? Nikaenda kwa muuza spea, nikanunua globu kali. Za kiwandani zilikuwa za wati sabini, hizi mpya za wati mia moja. Nikazifunga mwenyewe kwa dakika chache. Nilipowasha, nilicheka peke yangu. Matawi ya mikorosho yote yaliwaka weupe, ungeweza kuhesabu majani.

Ona jambo hilo, mwanangu. Matawi. Mimi sikuliona.

Na kulikuwa na jambo jingine. Sisi madereva wa huku juu tulikuwa na mtindo wetu wa kupakia. Kwa kuwa safari ya Masasi ina ule mteremko mrefu wa kutoka uwanda wa juu, tuliaminishana kwamba magunia mazito yakikaa nyuma kabisa, lori halisukumwi pua likishuka. Nani alianza kusema hivyo, sijui. Tulirithi tu, na wabeba mizigo wakatuzoea. Kwa hiyo lori langu lilikuwa limekaa kama mbwa aliyechuchumaa, nyuma chini, mbele juu, taa zikitazama mbinguni.

Basi jioni moja baada ya magharibi nilitoka Chilangala na mzigo. Nilikuwa na haraka ya kawaida tu, haraka ya kijana. Kwenye kona moja nikaona kitu kama kung'aa kwa chuma, kisha sikuona kitu. Nikasikia. Ni sauti ndogo sana, baiskeli ikianguka mtaroni, na madumu ya maji yakigongana.

Nilisimama mbali mno. Nikarudi mbio kwa miguu na tochi. Nikamkuta Baba Salima wa Makote, mkulima ninayemfahamu kwa sura, amelala kwenye tope la maji yake mwenyewe, ameshika bega. Lori halikumgusa. Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa limekunjika kama chapati.

Nikamwambia, "Baba Salima, nisamehe, sikukuona."

Akasema taratibu, maana alikuwa mtu mpole, "Na mimi sikuona hata mikono yangu. Nilidhani jua limerudi."

Nilimpakia mbele nikamrudisha hospitali Newala. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Wakamfunga mkono kifuani, wakamwambia asiutumie mpaka mwezi na nusu upite. Mwezi na nusu, mwanangu, katikati ya msimu, korosho zikidondoka kila siku, na mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia kuziozesha chini. Yule mtu na mkewe walikuwa wawili tu, Salima akiwa bado mtoto wa kubebwa. Kama korosho zile zisingeokotwa, mwaka mzima wa nyumba ile ungekuwa umekwisha. Na aliyeumaliza ni mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Yohana, pale pale Mkunya. Alikuwa dereva wa lori la misheni miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Nilikwenda na maelezo yangu tayari: baiskeli haikuwa na taa, kona ni mbaya, lori lina taa duni za kiwandani, ndiyo maana nimeweka kali. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya muhogo. Halafu akasema, "Jioni lete lori hapa na mzigo wake kama ulivyokuwa. Usiguse gunia hata moja."

Nilipolileta, hakulitazama. Akanipa baiskeli yake. "Nenda mpaka kwenye ule mti wa mwisho, kisha urudi unakuja huku."

"Mzee, lori litakuja?"

"Lori halitaondoka hapa. Wewe njoo tu."

Nilikwenda. Wakati wa kurudi giza limeshaingia, naye akawasha taa zangu, zile zangu nilizozichekea. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Barabara ilipotea. Si kwamba niliiona vibaya, haikuwepo. Kulikuwa na weupe machoni, na chini yangu hakuna kitu. Nilikanyaga pedali mara tatu nikiwa najiambia mimi ni mwanaume, mara ya nne nikateremsha miguu nikasimama katikati, nimeinua mkono mbele ya uso kama mtoto anayepigwa. Na lori lilikuwa limesimama. Halikuwa hata linakuja.

Mzee Yohana akapaza sauti kutoka gizani, "Mbona umesimama, dereva? Si umewasha taa kali?"

Nilikuwa nimesimama mahali pa Baba Salima, na maelezo yangu yote niliyopanga asubuhi yalikwisha hapo.

Nilipofika kwenye lori akasema, "Lete bisibisi." Tukafungua taa moja. Akapitisha kidole ndani ya kioo, akanionyesha. Kidole kilikuwa cha njano.

"Hii nini?"

"Salfa, mzee."

"Umezipulizia taa kama mkorosho. Unangoja zizae?"

Mpira wa kuziba kioo ulikuwa umekatika siku nyingi, unga ukaingia, ukashika unyevu, ukaganda juu ya ule mng'aro wa nyuma ya globu unaorusha mwanga mbele. Globu ya kiwandani ilikuwa nzima siku zote. Nilikuwa nimeifungia ndani ya kopo chafu, kisha nikailaumu kwa kukosa mwanga. Akanionyesha na soketi, plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika kwa joto la zile wati mia, na nyaya zimebadilika rangi. "Ungeendelea kidogo," akasema, "lori la watu lingeungua ukiwa ndani yake unashangilia mwanga."

Usiku ule tulifanya kazi. Tulifuta vioo ndani na nje kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, taratibu, maana ule mng'aro ukiukwaruza umeuua. Tukakwangua kutu pale waya unapokaza kwenye bodi. Tukarudisha globu za kiwandani. Kisha akanifanya nihamishe magunia kutoka nyuma kwenda mbele, mimi peke yangu, yeye amekaa kwenye kigoda anauliza kama nataka uji. Lori likashusha pua. Mwanga ukatoka kwenye matawi, ukalala barabarani mahali pake.

Akanirudisha kwenye baiskeli. Safari hii nilipokuja niliona ukingo wa barabara, niliona majani ya pembeni, niliona gurudumu langu.

Halafu akavaa koti lake jeusi la kanisani, akaanza kutembea mbele ya lori huku akihesabu kwa sauti, mimi nimekaa kwenye usukani na taa za chini. Akaniagiza nimwambie nikiacha kumwona. Nikamwambia kwenye hatua ya sitini. Akarudi polepole, akasimama dirishani.

"Hatua sitini," akasema. "Hizo ndizo ulizopewa. Ukiwa na mwendo ambao lori lililojaa linasimama ndani ya hatua sitini, taa zako zinatosha. Ukizidisha, umezima taa mwenyewe, hata kama zinawaka."

Sijasikia fundi yeyote, wala mwenye cheti, akiniambia jambo hili vizuri kuliko hivyo.

Asubuhi nilikwenda Makote. Nilimkuta Mama Salima shambani peke yake, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Nikamwamkia. Hakuniitikia kwa Kiswahili, alisema maneno ya Kimakonde ambayo sitayaandika. Nikachukua kikapu cha pili nikaanza kuokota. Tulikwenda hivyo wiki tatu, mimi nimeomba ruhusa kazini bila mshahara. Kama hujawahi kuokota korosho kutwa nzima, umeinama, unanyofoa korosho kwenye tunda lake, bibo moja baada ya jingine, utomvu unakuchubua vidole, basi usidhani kazi yako ni ngumu. Siku ya tatu, nikiwa nimeshawasimulia habari za zile globu, nilinyooka nikashika kiuno. Mama Salima akacheka mara ya kwanza.

"Dereva, huo mgongo ni wa kiwandani nini? Mbona haukunjiki?"

"Mama Salima, mgongo huu umezoea kukaa tu."

"Basi uweke wa wati mia. Nyie si ndivyo mnavyofanya."

Baba Salima alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, mkono kifuani, anacheka mpaka bega linamuuma, anatuomba tunyamaze. Mvua ilikuja siku nne baada ya gunia la mwisho kuingia ndani.

Nilimnunulia gurudumu jipya. Lile lililokunjika nilimwomba anipe. Akaniuliza la nini, nikasema nitalihitaji.

Sasa nirudi kwako, mwanangu, na kwa Issa na kiboksi chake. Je, taa za halojeni za kiwandani zinatosha? Nasema zinatosha, zikiwa safi, zikitazama barabara, zikipata umeme wake wote, na mguu wako ukiwa na akili. Sitakudanganya, siku hizi kuna lami, na lami inamdanganya kijana. Kwa mwendo ambao ninyi mnakimbiza malori usiku, taa hizo hazitoshi, na hizo nyeupe hazitoshi pia. Ukiwa na uwezo, nunua taa nzima iliyotengenezwa pamoja na kioo chake, fundi apime ukutani mwanga wake unapoangukia, sina ugomvi nayo. Lakini globu kali ya kuchomeka ndani ya taa iliyoundwa kwa ajili ya nyingine, hiyo inamwaga mwanga ovyo. Kwenye vumbi na kwenye ukungu wa huku kwetu utaangaza ukungu wenyewe, na yule unayepishana naye utampofusha. Kabla ya kununua, futa. Kabla ya kulaumu kiwanda, fungua utazame ndani. Panga mzigo lori likae sawa. Mwombe mtu atembee mbele yako akiwa na nguo nyeusi, uhesabu hatua zako uzijue. Na mara moja tu katika maisha yako, panda baiskeli ulikabili lori lako mwenyewe.

Issa nilimpandisha baiskeli jioni ile ile. Kiboksi alikirudisha dukani kesho yake, na tulipofungua taa zake tukakuta zina vumbi jekundu la kutosha kupandia muhogo.

Leo nina malori mawili. Nina mikorosho mia mbili na kumi Mkunya, niliyoipanda mwenyewe. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma na tangi la maji ya mvua. Nina watoto watano, wote wamesoma kunizidi. Nina koti jeusi la Mzee Yohana, alilosema nipewe siku atakapozikwa. Na kwenye ukuta wa gereji yangu, juu ya mahali malori yanapolala, nimetundika gurudumu la baiskeli lililokunjika kama chapati.

Mwenyezi Mungu akujalie safari njema, mwanangu. Na kila utakayepishana naye gizani, afike kwake akiwa juu ya baiskeli yake, na maji yake hayajamwagika.