Chenye Shanga Hakisuguliwi

Wateja walimwita Mama Loweka, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa dobi, lakini si dobi wa mashuka na suruali za kazini. Zake zilikuwa nguo za harusi: magauni ya lesi, yale yaliyojaa shanga kifuani hadi mvaaji hawezi kuinama. Bibi harusi akijimwagia mchuzi, au pindo likiburuzwa matopeni, gauni lililetwa kwenye ua wake wa saruji, likiwa limefungwa kwenye shuka kama maiti. Mama Loweka alilikagua, akawaambia wenye nalo maneno yaleyale aliyomwambia kila mtu: "Chenye shanga hakisuguliwi. Kinalowekwa." Ungeshika brashi mbele yake angekuchapa nayo.

Miaka ishirini na mbili maneno hayo hayakuwahi kumwangusha, na hapo ndipo hatari ilipoanzia. Mtu ambaye hajawahi kukosea kwenye kazi yake huanza kudhani dunia nzima ni kazi yake.

Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka kumi na sita, ambaye meno yake ya mbele yaliota yakigombania nafasi. Moja lilikaa ubavu, jingine lilipanda juu ya jirani yake. Binti alicheka na kiganja mdomoni, na katika picha zote alifumba midomo kama anayeficha peremende. Shuleni walimpa majina ambayo sitayarudia hapa. Mama yake alifua, akajinyima, akafua tena, hadi siku daktari wa meno alipomgandishia binti vibati vya chuma, jino kwa jino, na kuvipitishia waya.

"Miaka miwili," daktari alisema. "Mje kila mwezi niikaze waya. Na mswaki, binti yangu, kila baada ya kula. Chakula kikikwama humo ndani ni balaa."

Binti aliitikia. Njiani alijitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa, na kwa mara ya kwanza mama yake alimwona akicheka mkono ukiwa chini.

Wiki ileile fizi zilivimba. Kila mswaki ulipogusa waya machozi yalimtoka, na povu alilotema lilikuwa na damu. Mama Loweka alisimama mlangoni akimtazama mwanawe anavyosugua vile vyuma vidogo vinavyometameta, na nadhani hakuona meno kabisa. Aliona gauni la shanga likipigwa brashi.

"Hebu weka hicho kitu chini," alisema. "Utang'oa vyuma vyote."

"Lakini mama, daktari kasema..."

"Daktari anajua kuvibandika. Kuvisafisha niachie mimi."

Akachemsha majani ya mwarobaini na konzi nzima ya karafuu, akakamulia malimau mawili, akatia chumvi. Karafuu ilikuwa ya kutuliza maumivu; hiyo alirithi kwa bibi yake, na hapo hakukosea sana. Limau lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kwenye nguo, limau na chumvi ndivyo vinavyotoa kutu, na yeye alihofia chuma kuota kutu kinywani mwa mwanawe. Binti alijaza mdomo, mashavu yakatuna, mama akahesabu mpaka mia. Tema. Jaza tena. Kabla ya shule, baada ya shule na kabla ya kulala. "Loweka, mwanangu, loweka."

Maumivu yakaisha, na hilo ndilo lililowaponza. Siku ya tatu binti alikula wali bila kukunja uso, na majirani wawili wakaja kuomba waelekezwe dawa hiyo inavyochemshwa. Mswaki ulikauka kwenye kikombe chake. Mwezi wa kwanza walikwenda kwa daktari, akachungulia, akasema fizi ni nyekundu mno, akauliza kama mswaki unapigwa. Binti alimtazama mama yake, kisha akasema ndiyo. Mwezi wa pili ulikuwa msimu wa harusi, mabeseni yote yamejaa, na binti haumwi popote. Asiyeumwa anakwenda kwa daktari kutafuta nini? Wa tatu ukapita hivyohivyo, na wa nne, na wa tano.

Kila nikifika hapa nakasirika. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Maumivu ni mjumbe, na karafuu ilimuua mlangoni kabla hajasema alichotumwa. Huku nyuma, mabaki ya chakula yalijishindilia chini ya vibati, na punje za majani ya dawa zikabana kwenye waya. Limau nalo lilikosa kutu ya kula, likala meno.

Mdomo ulipoanza kunuka, mama aliongeza karafuu. Yalipotokea madoa meupe kuzunguka kila kibati, meupe kama chokaa, alimshika binti kidevu akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akafurahi. "Unaona? Yanatakata."

Halafu siku moja binti alikuwa anakula mkate, mkate laini wa kawaida, akasimama ghafla. Alikwenda uani, mama yake alikokuwa akikamua lesi, akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kibati, na nyuma yake kimegandiana na kipande cha jino, laini, rangi ya chai. Hakikumuuma hata kidogo.

Daktari aliondoa vyuma vyote. Kila jino la mbele lilibaki na mraba mahali kibati kilipokaa, na kandokando ya mraba jino limelika, mengine meupe, mengine kahawia.

"Haya mawili ya katikati siwezi kuyaokoa. Yameoza mpaka kwenye mzizi," alisema. "Mengine nitajaribu kuziba. Ulikuwa unasukutua na nini?"

Chumba kilinuka karafuu. Mama Loweka alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Alijua jibu, na alijua ni nani anayepaswa kulitoa.

"Ni mimi, daktari," binti alisema, akitazama sakafu. "Nilijitengenezea mwenyewe. Niliona kwenye simu."

Daktari akamkaripia. Alimkaripia kwa kirefu, kwa hasira ya mtu aliyeona kazi yake ikiharibiwa, na mama mtu alikuwa na nafasi tele ya kuingiza neno moja tu. Alipofungua kinywa, hiki ndicho kilichotoka:

"Ndio watoto wa siku hizi, daktari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Binti akaegemeza kichwa, akafungua mdomo apigwe sindano ya ganzi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama aliongea njia nzima: kwamba siku hizi kuna meno ya bandia ambayo hata mchumba hawezi kuyagundua, kwamba uji utafaa kwa siku mbili tatu, kwamba jua ni kali. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao binti alisimama. Aliitoa pamba kinywani, imelowa damu, akaishika.

"Mama," alisema, maneno yakiteleza kwa ganzi. "Mimi nilisikia. Kila ulichoniambia nilisikia."

Akairudisha pamba mahali pake, akatangulia.