Sauti Ndani ya Mlango wa Gari la Baba

Gari la baba yangu lilikuwa na mlango unaosema. Kila tulipopita tuta, mlango wa mbele wa abiria ulitoa sauti ndogo ya chuma: kling.

Baba hakuwahi kuuliza ni nini. Aliongeza sauti ya redio.

Nianze na dereva wetu. Tulimwita Kapteni, kwa kuwa alitembea kama aliyekabidhiwa meli. Miezi mitatu iliyopita mama alivua pete yake ya ndoa garini ili apake losheni, akaiweka kando ya kioo cha mlango, na hakuiona tena. Kabla mtu hajainama kutazama chini ya kiti, baba alikwishakata shauri: Kapteni ni mwizi.

Barua ya kumfukuza niliiandika mimi. Nasomea sheria, mwaka wa tatu, na naipenda haki kwa dhati, hasa ikiwa imepangwa katika aya nzuri. Baba aliisoma uani, majirani wakisikia, kisha akapigilia msumari: nyumba hii haifugi wezi.

Kapteni hakubishana. Aliniambia tu, "Mwanangu, una mwandiko mzuri. Nani ataniajiri nikiwa na barua hii?"

Nikaenda kusoma.

Juma lililopita baba alisafiri, nami nilikuwa nimechoshwa na ile kling. Nikalipeleka gari kwa fundi wa baba, nikamwomba afungue mlango.

"Mzee anajua?"

Nikamjibu kwamba kuondoa kelele hakuhitaji kibali. Akanitazama kama mtu anayepima kina cha maji, kisha akachukua bisibisi.

Alitoa skrubu mbili nyuma ya kishikio. Akapitisha kipande bapa cha plastiki pembezoni, klipu zilizoshika paneli ya mlango zikaachia moja moja. Akainua paneli, akachomoa waya za swichi ya kioo, akabandua nailoni iliyoziba tundu la ndani. Kisha akasogea kando bila kuingiza mkono.

"Tazama mwenyewe, dada."

Nikamulika kwa simu. Chini kabisa, kwenye vumbi, ilikuwepo pete ya mama.

Nikaanza kuhutubia kuhusu makosa ya kibinadamu na jinsi baba atakavyofurahi. Fundi alinisikiliza akifuta mikono.

"Hizi klipu ni mpya," akasema. "Nilizifunga mimi mwezi uliopita, kioo kilipokwama. Pete nilimpa mzee mkononi. Akaishika kitambo, akaniambia niirudishe nilipoitoa, nifunge."

Mtu mzima, tai shingoni. Kuitupa alishindwa, kuirudisha aliona haya. Basi akachagua kuendesha gari huku aibu yake ikigonga pembeni, yeye akisikiliza taarifa ya habari.

Sikumsubiri baba arudi. Nilimkabidhi mama pete, nikaandika barua ya pili ya kumsafisha Kapteni, nikaisoma palepale uani, mbele ya majirani walewale. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaiweka pete mezani, mahali anapokaa baba, wala hakuivaa.

Barua nikampelekea Kapteni. Aliisoma mara mbili.

"Ile ya kwanza imenitangulia sehemu nne nilizoomba kazi," akasema. "Hii nayo utaipeleka kote huko?"

Nimeshafika mbili.

Tunapenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilidumu mwezi mzima, tena kwa klipu mpya. Yangu mimi ilikuwa na aya tano na sahihi.

Kabla hujamwita mtu mwizi, fungua mlango. Ni skrubu mbili tu.